Mstari wa 1,009

Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Handeni, mwenye duka la majembe na misumari karibu na stendi, alikuwa na ugonjwa niliodhani ni wangu peke yangu: alipenda namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mimi nafundisha hesabu Korogwe, na kila nikienda Handeni kumwona mama, ilikuwa lazima nipite dukani kwake.

Alikuwa amejichagulia namba, 1,022,117, akataka kujua kama ni tasa. Kalkuleta hakutaka hata kuisikia. Kila asubuhi, akishawasha udi na kabla ya kufungua duka, aliigawa kwa mkono mara moja tu, kwa namba tasa moja: leo kwa saba, kesho kwa kumi na moja, keshokutwa kwa kumi na tatu. Baki aliliandika kwenye daftari. Siku baki lingekuwa sifuri, kazi ingeishia hapo.

"Ikizikataa zote mpaka elfu moja na tisa, hapo tena haina wa kuigawa," alinielezea, mimi mwenye digrii. Nilinuna kidogo.

Alipomaliza 997, asubuhi ya mia moja sitini na nane, presha ya macho ilikuwa imemshinda. Mistari ya daftari hakuiona tena. Akanikabidhi.

"Umebaki mmoja, mwalimu. Nimalizie."

Daftari likakaa Korogwe wiki tatu chini ya mitihani ya kidato cha pili. Nililikumbuka nikiwa tayari kwenye basi la kurudi Handeni, limo mkobani pamoja na mitihani hiyo. Namba iliyokataa mara zote hizo itakubali leo? Nikaandika: 1,009, baki 7. Hiyo saba niliitoa kichwani, kwa kuwa ilionekana ya kweli. Kugawa kungenichukua dakika moja, na dakika hiyo naijutia kuliko makosa yangu mengi makubwa.

Mzee aliposikia, alinishika mkono asiuachie. Akaagiza chai. Wiki hiyohiyo fundi aliiandika namba ile juu ya mlango wa duka kwa rangi ya bluu.

Mwaka uliofuata nilihitaji mfano wa ubaoni, nikaikumbuka. Niliigawa kwa 1,009 mbele ya darasa, kwa kujidai kabisa. Ikaingia mara 1,013, baki sifuri. Nikafuta ubao, nikawaambia wanafunzi nimekosea kunakili. Uongo wa pili huo.

Jumamosi yake nilikwenda Handeni kumwambia ukweli. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta ameketi nyuma ya kaunta, haoni kitu, binti yake ndiye anayeuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri." Akamwomba binti alete daftari. "Hawa wa nyumbani wananisomea, lakini hawajui wanachosoma. Nisomee wewe, ukurasa wa mwisho."

Nikaanza. 983, 991, 997, kila moja na baki lake, naye akiitikia kwa kichwa, maana yote aliyajua kwa moyo. Nilipofika kwenye mwandiko wangu, nikaweka kidole juu ya mstari.

"Endelea," akasema, anatabasamu. "Umebaki mmoja."

Nilimtazama binti, nikatazama daftari.

"Elfu moja na tisa," nikasoma. "Baki saba."