Nellie Juu ya Bucha la Clegg

Nellie Entwistle aliandika mabango ya maduka ya Burnley, mji wa Uingereza, miaka thelathini. Mumewe alikufa akamwachia ngazi, makopo ya rangi na ulimi wa kujitetea. Desturi yake ilikuwa moja: herufi zote kwanza, kile kialama cha juu ambacho Kiingereza hukitumia kuonyesha mwenye mali, mwisho, mwenye duka akiwa amevuka barabara kutazama. Kialama hicho kwa watu wa pale ni kama hati ya umiliki. Kikikaa kabla ya ile S inayoongezwa mwisho wa jina, duka ni la mmoja; kikikaa baada yake, ni la wengi.

Asubuhi ile alikuwa juu ya bucha ambalo mzee Clegg aliwaachia wanawe wawili, Harold na Wilf, sawa kwa sawa. Wilf, mdogo, ndiye aliyemwita.

"Kiweke baada, mama. Huyu kaka atanifukuza kama mbwa."

Wilf akavuka barabara kutazama. Harold akatoka ndani, aproni imelowa damu ya kondoo, shoka la nyama mkononi.

"Kiweke kabla."

"Mdogo wako kasema baada."

"Yule bwege asiyejua hata kukata figo? Kabla, bibi kizee, au nakuangusha!"

"Angusha basi. Nakujua tangu unajikojolea."

Shoka likapiga ngazi. Wilf akaja mbio, akapokewa na ngumi ya mdomo, jino likaruka. Akamvaa kakake, wakapasua kioo cha dirisha wote wawili, wakaangukia soseji. Harold akainuka na kigae cha kioo shavuni, akairudia ngazi. Pigo la pili likakata mguu wa ngazi nusu.

Nellie angeweza kuruka akaokoa mkono wake, mkono uliomlisha. Hakuruka. Akang'ang'ania bango kwa kushoto, kwa kulia akakichora kialama kwa mvuto mmoja wa brashi, baada ya S. Pigo la tatu. Akadondoka juu ya mawe, kifundo cha mkono wa kulia kikalia kama ukuni mkavu.

Wanawake waliokuwa foleni ya nyama wakamkalia Harold mgongoni, mmoja akimtwanga kwa paja la kondoo, hadi polisi wakaja.

"Kimekaa wapi?" Nellie aliuliza, meno yamekazana.

Wilf akatema damu, akatazama juu. "Baada, mama."

"Sasa niitie daktari, unashangaa nini?"

Mkono haukunyooka tena. Ilimchukua miezi mitano kuufundisha wa kushoto, na mwoka mikate wa mtaa wa pili aliposema herufi zake zimelegea, alimwambia apande ngazi mwenyewe.