Tairi "mpya" iliyomzidi mwanangu umri

Jamani, leo nimebishana na tairi na nimeshinda! 😂

Gari letu la haibridi limezeeka, na mvua hizi linateleza sana Ggaba Road. Mwanangu Suubi, miaka minne, hukaa nyuma. Nikasema leo lazima tairi mpya, nikaondoka naye.

Muuza tairi wa hapa Kansanga akanitolea nne zinang'aa.

"Nyabo, hizi mpya kabisa. Hazijawahi kukanyaga barabara."

Nilikuwa karibu kukubali. Nikakumbuka mume wangu alivyonifundisha: tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa.

Nikainama. Nikahesabu kwa vidole (mnanijua mimi na hesabu).

"Ssebo, hii ina miaka saba! Inamzidi mtoto wangu!"

"Lakini nyabo, ilikuwa imelala tu."

"Miaka saba imelala? Basi usiiamshe!"

Duka zima likacheka, hata yeye mwenyewe. Akaingia stoo, akaleta nne za mwaka huu.

Suubi akazikumbatia moja moja. "Mama, hawa ni wadogo zangu!"

Basi nimetoka nyumbani na mtoto mmoja, nimerudi na watano. Nipeni hongera ya uzazi! 🥰