Balbu ya Ishirini na Tano

Eustaki hakuwa mchoyo, tuseme ukweli kabla hamjamhukumu. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye miwa, huko upande wa Kidatu, aliishi nyumba ya kampuni, na umeme wa kampuni haukuwa na bili. Taa zilikesha. Pasi ilisahauliwa ikiwaka. Mkewe Levina, ambaye kila mtu alimwita Mama Beno, alidarizi vitambaa vya makochi chini ya balbu kubwa mpaka usingizi ukamkuta na sindano mkononi. Ilikuwa raha mustarehe, na wao wala hawakujua kama ni raha.

Alipopunguzwa kazini wakahamia Ifakara, kwenye kijumba walichojenga kidogo kidogo, na kiinua mgongo kikavuta umeme. Bili ya kwanza ilipoletwa, Eustaki aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Nyumba ya tatu kutoka kwake walikuwa wameshakatiwa. Watu wa umeme walikuja na ngazi mchana kweupe, watoto wa mtaa wakajaa kushangaa. Aibu ile Eustaki aliapa haitamfika.

Basi akaanza. Pasi ya umeme akaiuza, akanunua ya mkaa. Jiko la koili akalifungia kabatini. Balbu ya sebuleni, iliyokuwa ya mia, akaweka ya sitini, kisha ya arobaini, mwishowe kabalbu ka ishirini na tano kenye mwanga wa rangi ya chai. Ya jikoni akaitoa kabisa, na ya uani pia, akazificha ndani ya soksi. Kila asubuhi alikwenda kuichungulia mita, na akiiona inazunguka kwa uvivu, siku yake imekuwa njema. Bili ikashuka kweli. Jamani, alivyojigamba kilabuni! Mzee mzima anafundisha wenzake namna ya kuzima taa.

Mama Beno alilalamika kwa upole mwanzoni. Alisema haoni tundu la sindano. Mumewe akamwambia adarizi mchana. Baadaye akasema nyumba ina giza, akasema tena, na tena. Kila aliposema giza, Eustaki alisikia bili. Hapo ndipo alipoharibu, na mimi simwonei huruma sana, kwa kuwa mita aliitazama kila siku na uso wa mkewe hakuutazama.

Maana dalili zilikuwepo. Mama Beno alizaliwa upande wa Mahenge, milimani, kwenye mito ya maji ya kasi, na tangu usichana ngozi ilimwasha. Alijikuna miguu mpaka ikatoka mabaka meupe. Huko kwao kuona mtu mzima akishikishwa fimbo na kuongozwa njiani si jambo la ajabu, na wote wawili walilijua hilo. Lakini nani atawaza maradhi wakati balbu ya kulaumu ipo, inaning'inia pale pale?

Asubuhi moja alimmiminia mumewe chai, ikapita pembeni ya kikombe, ikamwagika mezani na kumchuruzikia mapajani. Jua lilikuwa limeshaingia mlangoni. Eustaki aliruka, hasira zikampanda.

"Mama Beno, hata ujifanye kipofu, balbu kubwa sirudishi."

 Mkewe alipapasa meza akitafuta kitambaa cha kufutia.

Aliyekuja kumpasulia ukweli ni Brigita, jirani waliyesali naye jumuiya moja. Alifika adhuhuri, ametoka sokoni, kapu bado liko kichwani. Alieleza kwamba amekutana na Mama Beno barabarani uso kwa uso, akamsalimia, na mwenzake akageukia sauti akauliza ni nani.

"Shemeji, jua liko utosini na mkeo hanioni," alisema. "Hiyo nayo ni balbu?"

Hospitalini daktari alimmulika macho, akamtazama miguu, akauliza kwao ni wapi. Alipotajiwa Mahenge alitikisa kichwa. Akasema ni usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa mitoni, unaokula macho taratibu. Hakuzunguka. Dawa ipo, alisema, tena huko kwao inagawiwa bure; angeletwa mapema pengine kitu kingeokolewa. Sasa atapewa ya kuzuia, ila macho yaliyokwisha hayarudi.

Walirudi kwa miguu, Mama Beno amemshika mumewe mkono wa shati. Na hebu fikiria, yeye ndiye aliyembembeleza. Alisema yule daktari ni kijana, hajui. Macho ni yake na anayajua mwenyewe.

"Niwekee taa kali tu, Baba Beno. Nitaona."

Eustaki alitamani ardhi immeze. Aliamini kwa sababu hakuwa na kingine cha kuamini. Siku ile ile akanunua taa ndefu ya tyubu, ile nyeupe ya maofisini, akapanda juu ya stuli akaifunga mwenyewe.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Mama Beno alikaa chini ya taa na kitambaa alichokiacha nusu, sindano tayari, uso ameuinua kama anayesubiri komunyo. Eustaki akabonyeza swichi. Taa ikapepesa, ikakubali, sebule nzima ikawa nyeupe hadi utando wa buibui wa darini ukaonekana. Wadudu wa bondeni wakaanza kuingia dirishani.

"Ukishawasha uniambie," Mama Beno alisema.

Eustaki aliitazama taa, akamtazama mkewe. Mkono ulikuwa bado uko kwenye swichi.

"Bado," akasema. "Bado kidogo, mke wangu."