Mshumaa Pembeni ya Babu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuongeza mshumaa. Nilitaka picha ya kuweka kwenye kioo cha simu kwa mtindo wa dark academia, ule wa vitabu vikuukuu na giza la maktaba za kale. Za mtandaoni zote niliziona zina kasoro, nikaamua kujitengenezea. Nikachukua picha ya Babu yangu wa Kinole akiwa na koti na miwani, nikaiondoa rangi, nikaizungushia weusi, kisha nikamwekea mshumaa unaowaka pembeni. Nikajiona msanii. Nikaiposti status nione inavyokaa, nikazima simu, nikalala.

Niliamshwa na kilio. Shangazi alikuwa mlangoni, khanga kichwani.

"Babu yako kakata roho saa ngapi?"

"Shikamoo, Shangazi. Hajafa. Nilikuwa nachagua picha ya simu."

"Na mshumaa?"

"Wa urembo."

"Kundi zima la ukoo nimeshalitangazia. Simu yako haipatikani, ya Babu nimeogopa kuipiga."

Akaipiga sasa, kwa sauti ya nje.

"Afadhali umepiga," Babu alisema. "Uani kwangu watu wamejaa wanalia. Kila nikiuliza nani kafa, wananiangalia tu."

Shangazi akanikabidhi simu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia.

Siku hizi simu yangu ina picha iliyotoka nayo dukani, na Babu akiniona nimeishika, huniuliza kwanza kama yeye bado yuko hai.