Pini Isiyoniuma

Fundi baiskeli jirani yangu hapa Tunduma huosha minyororo kwa mafuta ya taa, na kila upepo unapoileta harufu hiyo jikoni kwangu, vidole vyangu vya miguu hujikunja vyenyewe. Wengine mafuta ya taa huwakumbusha koroboi. Mimi hunikumbusha funza.

Tulilelewa Isansa, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni, mimi na kaka yangu Ezekia aliyenitangulia mwaka mmoja. Kiangazi kikikolea, vumbi la uani walipolala mbuzi lilijaa funza. Walijipenyeza chini ya kucha zetu wakanenepa humo kama punje za mtama. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, ili kesho yake tusiingie kanisani tukichechemea, Mama aliketi kibarazani na pini yake kubwa ya kubania nguo. Aliipitisha kwenye kaa la moto, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akachokonoa mpaka mdudu akatoka na mfuko wake wa mayai. Kisha alidondoshea mafuta ya taa kwenye tundu lililobaki, na hapo ndipo mayowe yalipokuwa.

Kulikuwa na sheria. Mtoto aliyenyamaza toka mwanzo hadi mwisho alipewa konzi ya mbegu za maboga zilizokaangwa kwa chumvi. Aliyelia hakupewa kitu, isipokuwa maneno ya Baba.

Mimi nilikula mbegu nyingi sana utotoni.

Nilinyoosha mguu nikawa natazama kuku. Mama alinisifu kwa Kinyiha, na majirani waliopita njiani waliitwa waje kuona. "Huyu siku ya kuzaa hatasumbua mtu," walisema, nami nilijivuna, ingawa kuzaa kwenyewe sikukujua. Zamu ya Ezekia ilipofika, alianza kutetemeka pini ikiwa bado kwenye moto. Usidhani alikuwa mgonjwa au legelege. Alikuwa na afya kunishinda, alipandisha debe la kahawa kutoka bondeni bila kupumzika. Lakini pini ikimgusa alilia mpaka kamasi zikamwagika.

"Jikaze kiume!" Baba alifoka. "Mtazame mdogo wako, tena mtoto wa kike!"

Mama aliwahi kunong'ona kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba akamjibu kwamba kitanda ni hicho hicho, pini ni hiyo hiyo na funza ni hao hao. Siku moja alimfunga Ezekia kitenge cha Mama kiunoni, akamwambia azunguke nacho uani mpaka ajue yeye ni nani. Watoto wa jirani walicheka. Nami nilicheka, mdomo umejaa mbegu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile pini haikuniuma. Nilihisi kama ninakunwa, na mafuta yalinipa ubaridi kidogo, basi. Sikuwa na ushujaa wowote. Ndivyo nilivyoumbwa, na nilianza kulijua hilo mapema kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumamosi moja funza alikuwa amezama chini kabisa ya ukucha wa kidole gumba cha Ezekia, na kidole kimevimba. Baada ya chakula cha mchana akatoweka. Mama akanituma nimtafute. Nilimkuta kwenye mibuni ya chini, karibu na mfereji, ameukumbatia mguu. Hakukimbia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kaka mtu kumuuliza mdogo wake:

"Sekela, niambie ukweli. Wewe pini haikuumi?"

Ningemwambia hainiumi, angejua kwamba hakuwa mwoga, kwamba yeye alitwishwa mzigo ambao mimi sikupewa. Neno moja tu. Lakini nikisema hivyo, sifa zangu zingekwenda wapi? Na mbegu?

"Inauma sana," nikamwambia. "Ila mimi najikaza."

Akainuka, akapanda kuelekea nyumbani akikanyagia kisigino, mimi nyuma yake.

Akaketi kwenye kigoda, akauma kola ya shati. Mama alichokonoa mpaka damu ikatiririka kwenye majani ya mgomba aliyotandika chini. Jasho lilimtoka Ezekia shingoni, na shavu likamchezacheza. Hakulia. Mafuta yalipodondoka alifumba macho tu. Mama alimtazama usoni, akaiweka pini chini. "Baba, u mzima?" akamuuliza, kama mama wanavyowaita wana wao. Ezekia akatikisa kichwa kuitikia. Baba akavua kofia yake mwenyewe akamvisha.

Alipopewa mbegu hakula hata moja. Alikuja akanimiminia zote kiganjani, kama mtu anayemlipa mwalimu. Nami nikazila.

Tangu siku hiyo sikumwona akilia tena. Shuleni alivunjika mkono uwanjani akaumaliza mpira, na Baba akalisimulia jambo hilo vilabuni kwa miaka.

Mimi niliolewa Tunduma. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nikipiga soga na muuguzi karibu mpaka mwisho. Mwanamke wa kitanda cha pili, wa umri wangu na mwenye nguvu kama zangu, alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi akamwambia, "Mtazame mwenzako." Muuguzi yule mkubwa akamkatiza. "Usimtazamishe mtu mwili wa mwingine," alisema. "Miili haifanani, mama kwa mama, mwanamume kwa mwanamume. Huyu hajikazi. Huyu haimuumi." Nilijifanya sikusikia. Nilimfikiria Ezekia usiku kucha, nikaapa kumwambia.

Sikumwambia. Krismasi ilikuja ikapita, na nyingine. Tulikutana, tukala, tukacheka, nikaona aibu. Yeye alikuwa akichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Mkwajuni, amekuwa mtu wa maneno machache.

Mwaka jana, Alhamisi moja asubuhi, alishuka mlangoni kwangu kutoka Mkwajuni, njia nzima juu ya pikipiki. Midomo ilikuwa imemkauka, na aliketi ameinama, mkono tumboni.

"Kaka, unaumwa?"

"Inauma kidogo," akasema. "Ila mimi najikaza."

Nilimpeleka hospitali mbio. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alimuuliza maumivu yalianza lini, naye akasema Jumatatu. Daktari akanigeukia, akauliza kama mtu huyu huwa hasikii maumivu. Wa kulijibu swali lile nilikuwa mimi peke yangu. Walimpasua mchana ule ule. Jumamosi, alasiri, saa ile ya pini, akafariki. Alikuwa amelazwa usingizi kwa dawa tangu Ijumaa, hivyo hata nilipomwinamia sikioni nikamwambia ile pini haikuniuma, sijui kama alinisikia.

Tulimzika Isansa, ng'ambo ya mibuni ya chini. Baba alisimama na fimbo yake akawaambia watu kwamba mwanawe alikuwa mwanamume kweli, hakulalamika hata siku moja. Watu wakaitikia. Niliketi mkekani kati ya wanawake, macho makavu, nikasikia wawili nyuma yangu wakisemezana.

"Sekela amejikaza."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo. Haumii huyo."

Siku hiyo niliumia. Niliumia mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, nikatafuta pa kuanzia kulia sikupaona, maana sikuwahi kujifunza. Jirani mmoja akanishika bega, akanisifu.