Kata ya Kwanza ya Balozi

Msesewe wa mama nilikuwa naupima mimi, kwa kijiko, nikiusawazisha juu kwa kisu. Ni gome la mti linalosagwa na kutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, isiwe tamu kama uji, na likizidi pombe yote imeharibika. Mimi ni mtu wa hofu. Baada ya darasa la saba nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuokota, na kila jambo nalifanya mara mbili nikiogopa kukosea. Mama alikuwa mjane, na heshima yake yote kijijini ilikuwa ndani ya pipa lile la mbege. Kila Jumamosi wanaume walijaa chini ya migomba yetu.

Jumamosi moja mama alionja kidogo kama ilivyo desturi, kisha akampa balozi wetu wa nyumba kumi kata ya kwanza ya mbege. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona zahanati. Alikuwa ameshuka tambarare ya Chekereni kuangalia mpunga wake, akarudi na malaria, na vidonge vya klorokwini alivitafuna bila maji kama karanga.

Akapiga funda, akakunja uso.

"Mama, leo msesewe umezidi."

Aliyekaa kando yake akanywa, akatazama juu kidogo. "Chungu hasa." Wa tatu alisema hivyo hivyo kabla ya kumeza. Waliokuwa hawajapewa kata nao wakaanza kutema mate.

"Hii ni dawa ya minyoo," mmoja akasema, wakacheka.

Hawa ni watu wanaong'ata punje ya kahawa wakakwambia kama ilianikwa vizuri. Siku ile ndimi zao waliziweka mfukoni, wakaazima ulimi wa mgonjwa. Ningewaelewa kama wangemwogopa balozi kwa ajili ya mgao wa sukari uliopitia kwake, lakini sukari yenyewe haikuwepo. Walikubali kwa uvivu tu. Kukubali kulikuwa karibu kuliko kuonja.

Niliipanga sentensi yangu kichwani, nikamwita balozi kwa heshima tunayowapa wazee.

"Shikamoo, Meku. Uchungu si wa pombe. Asubuhi ulitafuna klorokwini."

"Marahaba. Kwa hiyo ulimi wangu unaujua wewe?"

"Vitabu vimempanda kichwani," yule wa kando ya balozi akasema. "Mpeni maji."

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameonja kabla yao wote, na hakuwa amekunja uso. Akachota tena, akanywa taratibu, akainamisha kichwa.

"Ni kweli umezidi. Mnisamehe, baba zangu."

Nikachukua kata yake nikanywa. Kijiko nilikipima mimi, nikakihakiki mara mbili. Hata hivyo nilihisi uchungu pembeni mwa ulimi, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo kuliko vicheko vyao.

Wiki iliyofuata mama akaniambia nitie nusu kijiko. Nikatia. Mbege ikatoka tepetepe, tamu ya kuchefua, uji wa ndizi uliopoa. Balozi, akiwa amepona, akapiga funda na kupangusa masharubu.

"Sasa hii ndiyo pombe."

"Hii ndiyo yenyewe," wakaitikia, hata waliokuwa bado wanaisubiri.

Mama alicheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Kata yangu niliimwaga kwenye shina la mbuni nyuma ya nyumba. Ijumaa iliyofuata nikachukua kijiko na kisu, nikapima nusu, nikasawazisha, nikapima tena nisije nikakosea.