Mlango Wenye Mnyororo

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili vya ng'ambo. Kimoja kiko katika mji mdogo wenye baridi, ambao huku Nyeri hakuna aliyewahi kuusikia. Kingine kiko katika mji mkubwa anakofanya kazi binti wa mzee wa kanisa, ambako watu wetu hukutana kila Jumapili kuimba kwa Kikuyu. Dada yangu hakuuliza wanafundisha nini. Aliuliza kama kuna watu wetu.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijatulia. Nimechuma chai Kangema, nimeuza mitumba Kutus, nimepaka nyumba rangi Kiganjo. Popote nilipo hupenda kufungua ramani kwenye simu, zile zinazokuonyesha barabara kana kwamba umesimama hapo.

Siku ya ibada ya kuombea safari, wanaume wakichuna mbuzi na hema likipigwa na upepo wa mlimani, niliandika anwani ya chuo cha mji mkubwa. Nikajikuta mbele ya duka la magodoro. Kando yake palikuwa na mlango wa kioo, giza ndani, umefungwa kwa mnyororo, bila kibao chochote cha chuo.

Viza ilikuwa haijaombwa. Bado msichana angeweza kuchagua kile kingine. Nilimwambia dada yangu nilichokiona akiwa anaponda mukimo wa viazi na mahindi, na hakuuachilia mwiko.

"Jina la chuo lilishatangazwa kanisani," alisema. "Sasa nikawaambie nini? Ati ndugu yangu ameona godoro kwa simu?"

Wanawake waliokuwa naye walicheka. Mmoja akasema niliyeshindwa na shule ya hapa nimeanza kukagua za wazungu. Nilicheka pia.

Mpwa wangu alinifuata nyuma ya zizi, amevaa gauni jipya, akaomba simu. Aliitazama picha kwa muda.

"Labda mlango uko nyuma, anko."

Tukazunguka. Kwa kidole chake tulishuka barabara ile, tukakata kona, tukaingia kichochoro chenye mapipa ya taka, tukatokea tena kwenye magodoro. Hakukuwa na mtu hata mmoja barabarani. Alivuta picha karibu mpaka mnyororo ukajaa kioo chote cha simu.

"Sema kile cha mji mdogo," nilimwambia. "Sema tu."

"Mama atakaa wapi kanisani?"

Wakamwita. Mlima ulikuwa umezama kwenye ukungu tangu asubuhi, na sasa ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye hema. Mchungaji alimpa kipaza sauti ataje mwenyewe chuo alichochagua, ili watu walisikie jina kutoka kinywani mwake. Alinitafuta kwa macho, akanipata. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kilemba chake kipya.

Alilitaja jina la chuo cha mji mkubwa bila kukwama. Wote wakanyoosha mikono juu yake, na mimi pia.